Kofia Juu ya Kiti

Kiti cha kuyumba cha Leocadio kiliwekwa pale pale, miguu yake ya mbele ikigusa ufa wa sakafu, na Nereida alikuwa amekikalia tangu saa tisa kasoro robo. Kofia ya Leocadio, marehemu mumewe, ilikuwa mapajani mwake. Hakuruhusiwa kuivaa, wala kuiweka chini, wala kukunja mguu juu ya mguu akiwa ameishika. Mambo hayo yalikuwa yamepimwa katika mechi sita zilizopita na kuonekana kuwa ndiyo yanayofaa.

Ilikuwa fainali ya besiboli, na bingwa angekuwa yule anayetangulia kushinda mechi nne. Timu ya njano, ambayo ndiyo timu ya mji mzima wa Tamboril, ilikuwa na tatu. Mabuluu wa mji mkuu nao walikuwa na tatu. Jumapili hii ndiyo ya mwisho.

Katika zile tatu walizoshinda, Nereida alikuwa kitini. Ya kwanza waliyoshindwa alikuwa kazini, anasokota sigara. Ya pili aliinuka kidogo tu kwenda kuzima jiko kahawa isimwagike, na papo hapo mbuluu mmoja akaupiga mpira ukavuka uzio. Ya tatu aliumwa kichwa, akalala mapema. Baada ya hapo mama mkwe wake, Mama Eduvigis, hakuhitaji ushahidi mwingine. Alisema mwanawe alikikalia kile kiti miaka kumi na moja na haijulikani ni fainali ngapi alizozishikilia peke yake.

Kila mtu pale nyumbani alikuwa na mzigo wake. Radhamés, shemeji yake Nereida, alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja barazani, kwa sababu ndivyo alivyokuwa amesimama Ijumaa njano waliposhinda. Shati lake lilikuwa halijaonja maji tangu Krismasi, na mama yake alikuwa amemwelekeza asimame upande ambao upepo unatoka kwenda nje. Mama Eduvigis mwenyewe alikuwa na rozari mkononi, lakini hakusali. Alisema Mungu amekwisha kusikia, na mtu anayesumbua sana huambiwa hapana.

"Leo ukiinuka, shemeji," Radhamés alimwambia mechi ilipoanza, "itabidi uhame mji huu."

Walicheka wote. Nereida naye alicheka, na macho yake yakaenda ukutani kwenye saa.

Basi la mji mkuu liliondoka kila Jumapili saa kumi na mbili jioni, kutoka bustani ya mjini. Jumapili hii ndani yake angekuwemo Anulfo.

Anulfo alikuwa fundi wa mashine za baridi. Alikuja Septemba kutengeneza mtambo wa kupoza ghala la tumbaku pale kiwandani, kazi ya wiki mbili ambayo yeye alijua kuifanya ikawa ya miezi minne. Siku ya kwanza aliingia ukumbini amevaa kofia ya buluu. Wanawake themanini waliokuwa wameinamia majani ya tumbaku waliinua vichwa na kumzomea kwa pamoja, mpaka mnyapara akatoka ofisini akidhani kuna moto. Nereida peke yake hakuzomea. Si kwamba alimwonea huruma. Wakati ule alikuwa amezoea kukaa katikati ya kelele bila kuisikia. Anulfo aliivua ile kofia, akaja mpaka mezani kwake, akaiweka kando ya kisu chake.

"Nitunzie, dada," alisema, "kabla hawajaila."

Aliitunza mpaka jioni. Kesho yake akaitunza tena. Watu wengine hupendana kwa maua, wao walianza na kofia ambayo haikupaswa kuonekana barabarani. Ilipofika Novemba, Nereida alikuwa akiusikia mlango wa ghala ukifunguliwa kabla haujafunguliwa. Anulfo hakuwa mzuri wa sura kupita kiasi. Alikuwa na macho yanayongoja. Alipokuuliza jambo, hakutazama pengine mpaka umalize kujibu, hata kama jibu lenyewe lilikuwa kunyamaza.

Ijumaa iliyopita, kengele ya kazi ilipolia, alimngoja nyuma ya ghala. Alimweleza kwamba amepata kazi kwenye kiwanda cha barafu kule Barahona, kusini, mwisho wa nchi, na kwamba Jumapili anaondoka kupitia mji mkuu.

"Nenda salama," Nereida alisema.

"Sijaja kuagwa. Nimekuja kuuliza." Alikuwa ameshika bisibisi na aliigeuza geuza. "Nikae au niende?"

"Anulfo, mimi naishi kwa mama mkwe."

"Najua unakoishi. Napita pale kila siku na kofia yangu mfukoni kama mwizi."

"Kwake wewe ni mbuluu."

"Basi mwambie watoto watakuwa kijani." Alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka lenyewe. "Nereida, miezi minne nimekula peke yangu nikiutazama ukuta, nikajiambia ukuta huu una upande wa pili, na upande wa pili kuna mtu naye anakula peke yake kati ya watu. Sikusukumi. Jumapili nitakaa kwenye benchi mbele ya kibanda cha kahawa cha Belkis mpaka basi liondoke. Ukija, sipandi. Usipokuja, nitakuwa nimejibiwa, na sitakupigia simu. Simu ni rahisi sana kukatwa."

Siku mbili nzima Nereida alitembea na maneno hayo. Na alipokuja kuipanga Jumapili yake, aliipanga kama mtu wa Tamboril. Dereva wa basi lile alikuwa Confesor, na mji mzima ulimjua. Damu yake ilikuwa ya njano. Mwaka uliopita aliwaweka abiria dakika arobaini bustanini, injini imezimwa na redio imewashwa, mpaka mpira wa mwisho urushwe, na hakuna abiria aliyelalamika, kwani nao walikuwa wakisikiliza. Kwa hiyo Nereida alijua kwamba basi halitaondoka mechi ikiendelea. Angekaa kitini mpaka mwisho, ampe Mama Eduvigis mechi yake, ampe Leocadio yake, kisha ashuke bustanini bila deni kwa mtu. Ilikuwa hesabu nzuri. Alikuwa ameirudia mara nyingi usiku na haikuwa na tundu.

Njano walitangulia kwa mikimbio miwili kwa mmoja, na hapo pakakwama. Zamu ya sita kati ya tisa ilipita, ya saba ikapita, wapigaji wakitolewa mmoja baada ya mwingine, na kila watatu wakitoka zamu inafungwa. Radhamés alinung'unika kwamba mguu wake wa nje umekufa ganzi. Jirani alileta karanga za kukaanga, akazipitisha dirishani maana mlangoni hakuruhusiwa mtu kuingia. Nereida aliipapasa kofia. Kwenye ukingo wake palikuwa na doa jeusi la kidole gumba, pale Leocadio alipozoea kuishika akiivuta chini njano wanapobanwa. Kidole chake mwenyewe hakikulijaza lile doa. Alikuwa amejaribu mara nyingi katika miaka miwili hii.

Saa kumi na moja na nusu alimwambia Mama Eduvigis, kwa sauti ya chini, kwamba anataka kutoka mara moja.

"Unakwenda wapi?"

"Bustanini."

Mama Eduvigis hakugeuza uso kutoka kwenye televisheni. Rozari ilisogea shanga moja. "Kwa yule mbuluu."

Nereida alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Hakuwahi kumtaja jina katika nyumba ile.

"Mwanangu, mimi ni mzee, si kipofu. Mwanamke aliyefiwa akianza kupiga pasi blauzi ya kazini, kuna mtu anayeiona." Alimtazama mpigaji akikosa mpira, akaendelea. "Sikukatazi mtu. Sina haki hiyo. Nakukataza kiti tu. Siku nyingine zote ni zako, ya leo ni ya Leocadio. Unajua alichoniuliza pale hospitali, kabla ya mwisho."

Nereida alijua. Alikuwa upande wa pili wa kitanda. Leocadio aliuliza wangapi wametolewa. Ilikuwa mwezi Agosti, na hakukuwa na mechi yoyote.

"Wawili, mwanangu," mama yake alimjibu siku ile. "Wawili tu. Bado mmoja."

Basi akaendelea kukaa. Sebule ilijaa sauti, barabara nzima ilijaa sauti, na yeye katikati yake alikuwa kama glasi iliyosahauliwa mezani wageni wakiwa wamekwisha kuondoka. Alijiambia kwamba Confesor hataondoka. Alimwona Anulfo kwenye benchi, begi miguuni, akiitazama barabara inayopanda. Akajiambia tena.

Zamu ya tisa ikaanza. Mabuluu ndio waliokuwa wakipiga, na hii ilikuwa nafasi yao ya mwisho. Wa kwanza alitolewa. Wa pili akafika kituo cha kwanza. Wa tatu alitolewa, na Radhamés akajisahau karibu auingize mguu ndani. Kisha mbuluu mwingine akaupenyeza mpira kati ya walinzi wawili, na mara wakawa na watu vituo viwili, wawili wametolewa, na mpira mmoja mzuri ungetosha kulibeba kombe kwenda mji mkuu. Kocha wa njano alitoka taratibu, mikono mifukoni, akamwita mrushaji mpya. Kila mtu akashusha pumzi. Kubadilisha mrushaji huchukua muda.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na mbili kasoro dakika tano.

Hakujua kitu gani kilimwinua. Labda ni ule muda mtupu, watu wazima wamesimama uwanjani bila kufanya lolote, na yeye akiwangoja pamoja nao. Aliona wazi kwamba mechi hii ikiisha kutakuja nyingine, na msimu mwingine, na kiti kitakuwa pale pale kwenye ufa wa sakafu. Miguu yake ilikuwa imeshasimama kabla hajaiambia.

Redio ya jirani iliendelea kusema.

"Shemeji," Radhamés alimwita kwa upole, kama mtu anayemsemesha aliye ukingoni mwa paa. "Wawili wametolewa. Bado mmoja tu. Mmoja."

Nereida aliiweka kofia juu ya kiti, doa la kidole likitazama televisheni. Kiti kiliyumba mara mbili, tatu. Alimtazama Mama Eduvigis, na Mama Eduvigis kwa mara ya kwanza jioni ile aliacha kutazama mechi, akamtazama yeye. Hapakuwa na hasira katika macho yale. Ingekuwa afadhali kama kungekuwa na hasira.

Alipita kando ya Radhamés, kwenye nusu ya mlango aliyoiacha wazi.

Barabara ilikuwa tupu, kama mji umehamwa. Hata mbwa walikuwa ndani. Lakini kila dirisha lilikuwa na redio, na kila redio ilikuwa na mtangazaji yule yule, kwa hiyo alivyokuwa akitembea, kisha akikimbia, hakukosa hata neno. Nyumba moja ilimkabidhi kwa nyingine. Mrushaji mpya amejiandaa. Mpira wa kwanza, mbovu. Mbele ya duka la viatu, mpigaji amekosa. Mbele ya kanisa, mpigaji ameuparaza tu, umetoka nje ya mstari. Alikuwa na kandambili, moja ikakatika mbele ya duka la dawa, akazivua zote na kuzishika mkononi.

Bustani ilikuwa na benchi, na benchi halikuwa na mtu.

Mahali pa basi palikuwa na doa la mafuta na maganda ya karanga. Belkis, mwenye kibanda cha kahawa, mwanamke mnene ambaye Nereida alisoma naye, alikuwa amebana redio ndogo sikioni, macho yamefumbwa.

"Basi liko wapi?"

Belkis alifumbua jicho moja. "Limekwenda. Saa kumi na mbili kamili."

"Mechi haijaisha, Belkis. Confesor hawezi kuondoka katikati ya mechi."

"Ndivyo abiria walivyomwambia. Wawili walikuwa wamekwenda kununua soda, amewaacha." Alisogeza redio sikio la pili. "Ijumaa hukusikia? Ijumaa gari lilichelewa kutengenezwa, njano wanashinda yeye yuko barabarani. Jumatano alikaa hapa na redio yake, wakashindwa. Basi leo ameapa kwa mama yake kwamba mwisho wa zamu ya tisa lazima umkute kwenye usukani. Amesema mwaka jana alituponza sisi wote kwa kukaa."

Nereida alikaa kwenye benchi. Ubao ulikuwa bado na joto kidogo, au alitaka uwe nalo.

"Alikuwepo?" aliuliza, na Belkis hakuuliza ni nani.

"Tangu saa kumi. Kahawa tatu. Nilimwambia, wewe mbuluu, sogea usikilize, watu wako wanahema, akasema asante." Belkis alitikisa kichwa. "Saa mbili nzima amekaa hapo, hakuniuliza matokeo hata mara moja. Mpaka nikamwonea huruma, maana mwanamume wa namna hiyo ni mgonjwa. Alisimama kwenye ngazi ya basi, mkono mmoja ameshika mlango, anatazama barabara unayotokea. Confesor alimwambia ingia au shuka. Akangoja kidogo. Akaingia."

Mtangazaji alipaza sauti, Belkis akainua kidole amnyamazishe, ingawa Nereida hakuwa akisema. Mpigaji ameusukuma mpira juu, juu sana, mlinzi anarudi nyuma, anarudi, ameinua mkono.

Kisha mji ukapasuka. Hakuna namna nyingine ya kusema. Milango yote ilifunguliwa kwa pamoja, sufuria zikaanza kupigwa, kengele ya kanisa ikalia ovyo, pikipiki zikatoka ambako hazikuwepo. Belkis aliruka kaunta yake na mwili wake wote, akamkumbatia Nereida, akamtikisa, akimweleza kwamba ni yeye, yeye Belkis, aliyeshinda mechi hii, kwa sababu tangu zamu ya saba hakupumua kwa pua.

Nereida alipandisha njia kurudi nyumbani huku watu wote wakishuka. Walimkumbatia kila hatua. Mnyapara wa kiwandani alimbusu paji la uso. Wanawake wa meza za tumbaku walimzungushia bendera shingoni, wakamwachia, wakashuka. Alikuwa akilia waziwazi, machozi yakimdondoka kidevuni, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza ana nini, kwa sababu kila mtu alikuwa akilia.

Nyumbani Radhamés alikuwa ameshaondoka na lori la washangiliaji. Televisheni ilikuwa imewashwa, sauti imezimwa, vijana wa njano wakirushiana maji. Mama Eduvigis alikaa mahali pake. Kile kiti kilikuwa kimetulia, na kofia juu yake, kama alivyoiacha.

"Wameshinda," Mama Eduvigis alisema.

"Nimesikia njiani."

"Ulipotoka nilisema, huyu ametuua. Radhamés alitaka kukikalia yeye, nikamkataza." Alizikusanya shanga za rozari kiganjani. "Kofia ilibaki. Ilitosha."

Nereida alisimama na kandambili zake mkononi. Aliitazama ile kofia, lile doa lililoitazama televisheni. Miaka miwili. Ilitosha, alisema mama. Ilitosha peke yake, bila mapaja ya mtu chini yake.

"Umemkuta?" Mama Eduvigis aliuliza baadaye.

"Hapana."

Nje fataki ziliruka na mbwa wakabweka. Mama Eduvigis alitazama upande wa jikoni. Alikuwa mwanamke aliyejua kufariji watu kwa chakula tu, na jioni ile hakuwa amepika.

"Mama," Nereida alisema, "kama kofia inatosha leo, kesho pia itatosha."

"Kesho hakuna mechi."

"Najua."

Walitazamana. Ilipita fataki nyingine. Barahona ilikuwa mbali, na kiwanda cha barafu alikijua kwa jina tu, na mtu aliyesema kwamba atakuwa amejibiwa huenda ni mtu wa kushika neno lake. Yote hayo Nereida aliyajua.

"Basi la kwanza kesho ni saa kumi na mbili asubuhi," Mama Eduvigis alisema mwishowe. "Lakini Confesor akirudi leo atakunywa. Litachelewa. Pumzika."

Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya tangu Agosti ile. Aliinuka, akaichukua kofia ya mwanawe, akakaa kwenye kiti cha kuyumba, akaiweka mapajani. Alikuwa mfupi. Miguu yake haikufika sakafuni, hakuweza kukisukuma, na kiti kikabaki kimesimama naye.

Nereida alipita nyuma yake akienda kutafuta begi. Aliweka mkono kwenye mgongo wa kiti, akakisukuma kidogo. Kilianza kuyumba. Alisimama pale mpaka alipohakikisha kwamba kitaendelea kwa muda, ndipo akaingia chumbani.